Hofu Ninayoitibu Hapa Ni ya Nani?

Presha ina mashine yake, sukari ina kipimo chake cha tone la damu, lakini maumivu hayana. Kinachoingia kwenye faili ni kauli ya mgonjwa na namba aliyoitaja kati ya 0 na 10, kisha daktari anabaki na kalamu yake akiamua kama anamsadiki au la. Wahenga walishasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, IASP, kilirekebisha fasili yake ya maumivu, na katika maelezo yake kikasema mtu akieleza kwamba anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Saa nane usiku, wodi imejaa, na mtu anakutajia kwa jina dawa anayoitaka, si jepesi hata kidogo.

Nimeandika dawa za maumivu kwa miaka mingi. Nilianzia wodi ya upasuaji, nikahamia tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito yasiyopona, na sasa nipo kliniki ya maumivu sugu. Huko kote nimezoea kujiuliza swali moja kabla ya kusaini cheti: hofu ninayoitibu hapa ni ya nani? Maana mara nyingi kinachouzuia mkono wa daktari si elimu ya dawa. Dozi anaijua, na figo za mgonjwa ameshazipima. Kinachomzuia ni kuogopa kudanganywa, kuogopa kuulizwa na wakubwa, kuogopa leseni yake, kuogopa kuitwa muuaji. Na mara nyingine kinachomsukuma aandike nacho ni hofu: foleni ni ndefu, mgonjwa amekuja juu, na cheti ndicho kitakachommaliza upesi.

Hofu ya kudanganywa niliielewa vizuri kwa kijana mmoja mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoitwa pia siko seli. Alikuja usiku, ametulia, simu mkononi, mapigo ya moyo karibu na kawaida. Muuguzi akaninong'oneza, "Dokta, huyu ni mteja wetu. Anajua mpaka miligramu." Nikamuuliza kijana maumivu ni ngapi kati ya kumi. Akasema nane, halafu akacheka kidogo.

"Nikisema kumi mnaniona muigizaji. Nikisema sita mnanipa parasetamoli. Ndiyo maana huwa nasema nane."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Mtu aliyeumwa tangu utotoni hujifunza kutulia, kwa kuwa kulia kunamchosha na hakumletei dawa. Miligramu anazijua kwa sababu ndizo zilizomsaidia safari zote zilizopita. Mgonjwa wa kisukari akizijua uniti zake za insulini tunamsifu kwa kuujua ugonjwa wake; huyu akijua dozi yake tunamwita mteja. Seli zake zilizopinda huziba mishipa midogo, mifupa ikakosa oksijeni, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuthibitishia kwamba leo anaumwa kweli. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani unataka mgonjwa wa namna hii apate dawa ndani ya saa 1 tangu afike, kisha apimwe upya kila baada ya dakika 30 hadi 60. Hausemi kwanza ahojiwe mpaka aaminike.

Tukafungua faili lake, tukaikuta dozi iliyomsaidia mara ya mwisho, tukampa hiyo na kuendelea kumwangalia. Siku alipokuwa mzima tulikaa naye tukaandika mpango wake: aanze na nini nyumbani, akifika apewe nini na kwa kiasi gani, na dalili zipi zituonye kwamba safari hii kuna jambo jingine, hasa homa au kifua kubana. Karatasi hiyo ikawekwa mbele kabisa ya faili. Ugomvi wa usiku ulikwisha. Si kwamba sisi tulikuwa wema kuliko jana. Ni kwamba hakukuwa tena na mtu aliyelazimika kuamua, akiwa na usingizi, kama kijana ni mkweli au mwongo.

Kuna watu ambao shaka yetu huwaangukia zaidi kuliko wengine, na hilo si suala la hisia tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wazungu kuhusu miili ya watu weusi, na takriban nusu yao walikubali angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Waliokuwa na dhana hizo ndio walioyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kumpangia tiba isiyomfaa. Nikiusoma utafiti huo huwa siwawazi Wamarekani peke yao. Najiuliza mimi huwa nawatilia shaka akina nani: mlevi, mtu mwenye faili nene, mama anayelia sana, kijana asiyelia kabisa.

Je, nikidanganywa? Nitadanganywa, hilo halina mjadala. Lakini gharama ya kudanganywa haifanani kila mahali. Dozi moja inayotolewa wodini, muuguzi akiwa pembeni anahesabu pumzi, nikimpa mtu asiyeihitaji nimepoteza dozi moja. Nikimnyima anayeihitaji nimemtesa mtu usiku kucha. Hapo naamini kwanza, maswali baadaye. Pakiti ya vidonge vya mwezi mzima inayokwenda nyumbani kwenye watoto na ndugu ni habari nyingine. Hapo nauliza mengi, nampa kidogo kidogo, na namwambia kwa nini. Wenzangu wengi hufanya kinyume: wakali mno wodini, wepesi mno mlangoni.

Nilipokuwa bado mchanga kazini, bosi mmoja aliamuru mgonjwa aliyekuwa analalamika sana baada ya upasuaji achomwe sindano ya maji. Akipata nafuu, alisema, tutajua anajifanya. Kipimo cha namna hiyo hakipimi kitu. Mwaka 1978 watafiti Levine, Gordon na Fields walionyesha kwa watu waliong'olewa meno kwamba nafuu inayoletwa na dawa ya uongo inaweza kuzimwa na naloksoni, dawa ileile inayozima mofini, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Maana yake ni kwamba mwili hutoa dawa yake wenyewe mtu anapoamini ametibiwa, na unaitoa kwa ajili ya maumivu ya kweli kabisa. Anayepata nafuu kwa maji hajathibitisha kwamba ni mwongo. Nilimwambia bosi kwa adabu kwamba jina langu halitaandikwa kwenye chati hiyo, nikaomba tufungue kidonda tukitazame. Kilikuwa na usaha. Nasema haya nikijua kwamba hata kisingekuwa na usaha, sindano ile isingekuwa halali, kwa sababu mgonjwa alikuwa ameambiwa ni dawa. Uongo huo ukigundulika, na wodini hakuna siri, hata sindano ya kweli atakayochomwa kesho haitamtuliza vizuri.

Upande wa tiba shufaa hofu hubadilika sura. Pale anayeogopa zaidi mara nyingi ni familia, na daktari anajificha nyuma yao.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa na saratani ya matiti iliyokwishafika mifupani. Mwanawe mkubwa alinisubiri koridoni. "Daktari, hiyo mofini si ndiyo ya mwisho? Mkishampa hiyo si mmemkatia tamaa?" Hakuwa mkorofi. Alikuwa amemwona baba yake mdogo akipewa mofini siku mbili kabla ya kufariki, akaunganisha mambo. Na wa kulaumiwa hapo ni sisi watabibu: tunaichelewesha dawa mpaka mtu yuko mlangoni mwa mauti, kisha tunashangaa watu wakisema ndiyo iliyomuua.

Nilikaa naye kwenye benchi nikamweleza kazi inavyofanyika. Mtu mzima anaanza na kidogo, miligramu 2.5 au 5 za mofini ya kunywa, kila baada ya saa 4. Ya usiku tunaweza kuiongeza mara mbili ili asiamshwe alfajiri. Dozi inapanda kwa kufuata maumivu, na ikizidi, kitu cha kwanza atakachokiona ni usingizi usio wa kawaida, kabla pumzi haijapungua. Kwa hiyo tunao muda wa kurudi nyuma. Kichefuchefu huja siku za mwanzo na mara nyingi hupita. Kufunga choo hakupiti, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inaandikwa siku hiyohiyo, kwenye cheti hichohicho. Mimi daktari anayeandika mofini bila dawa ya choo namwona amefanya nusu ya kazi, hata akiwa na maneno mazuri namna gani kuhusu utu wa mgonjwa.

Vitabu vya maadili hapa huleta kanuni ya athari mbili, ambayo watu huirudisha hadi kwa Thomas Aquinas: ukikusudia jema, na baya likaja bila wewe kulikusudia, hulaumiwi kana kwamba umelikusudia. Ni kanuni yenye heshima zake. Lakini nimeona inavyotumiwa kama kinga na mtu aliyekurupuka na dozi kubwa. Mofini ikipandishwa hatua kwa hatua, kanuni hiyo haihitajiki sana, kwa sababu lile baya lenyewe hutokea kwa nadra. Daktari anayeikimbilia upesi namuuliza kwanza kama amepima figo, maana mazao ya mofini hutolewa na figo, na zikidhoofika hujikusanya mwilini.

Yule mwanawe mkubwa akaridhika, akaniomba sasa nimpe mama yake dozi ya kutosha asisikie chochote. Nikaingia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmenijadili vya kutosha huko nje?"

Sikuwa na la kusema. Nikamweleza tulichozungumza. Baada ya siku chache maumivu yalishuka kutoka tisa hadi tatu, nami nikataka kupandisha kidogo zaidi. Akakataa. Wajukuu walikuwa njiani. "Hii tatu niachie mwenyewe," alisema. "Nataka wakija wanikute na akili yangu." Nikaandika kwenye faili kwamba lengo la mgonjwa ni tatu. Zamu ya usiku daktari mwingine, kwa nia njema, alitaka kushusha tatu hiyo hadi sifuri, muuguzi akamwonyesha maandishi. Nusura sote, mwanawe na sisi, tumnyang'anye saa zake za kuwa macho ili roho zetu zitulie.

Hofu ya namna hii ipo pia kwenye sheria na maghala. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961 unakumbukwa kwa makatazo yake, lakini utangulizi wake unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu na mateso, na kwamba zinapaswa kupatikana kwa ajili hiyo. Tume ya jarida la Lancet ilipopiga hesabu katika ripoti yake ya 2018, iliona kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zinapata tani 0.1. Mofini ya kunywa si dawa ghali kuitengeneza. Hapo kinachopungua si dawa.

Na tusidhani maadili yanaanzia kwenye kabati lenye kufuli. Diklofenaki, dawa ya kawaida ya maumivu, haina daftari maalumu, haimtishi mtu, na kwa hiyo inaandikwa kwa mazoea kwa mzee anayemeza dawa ya presha na ya kupunguza maji, ambaye figo zake zinaweza kuumia na tumbo lake linaweza kutoa damu. Hakuna atakayeitisha kikao cha maadili juu ya jambo hilo. Nimewaona wengi zaidi wakidhurika na dawa tusizoziogopa.

Kinyume cha yote hayo ni hofu iliyokosekana pale ilipohitajika. Januari 1980 jarida la tiba la New England lilichapisha barua ya sentensi tano ya Porter na Jick: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za afyuni wakiwa wamelazwa hospitali, waliona uraibu kwa wanne tu waliokuwa hawana historia nayo. Haikusema lolote kuhusu mtu anayemeza vidonge nyumbani kwa miaka. Hata hivyo ilinukuliwa zaidi ya mara 600, na wengi waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Mwaka 1996 OxyContin, kidonge cha jamii hiyohiyo ya afyuni, ikaingia sokoni Marekani, na kampuni yake, Purdue, baadaye ilikiri makosa mahakamani mara mbili, 2007 na 2020, huku watu wakizikwa. Nawapa wanafunzi wangu barua hiyo waisome yote. Inachukua dakika moja, na wanashangaa wakubwa waliokuwa wanaitaja hawakuipata dakika hiyo.

Kisha ikaja zamu ya aliyeumwa na nyoka kushtuka akiona ung'ong'o. Mwongozo wa 2016 wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ulikuwa wa kupunguza uandikaji holela, ila uligeuzwa rungu: wagonjwa waliokuwa na dozi kubwa kwa miaka wakakatiwa ghafla. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatoa onyo juu ya madhara ya kukatisha ghafla, yakiwemo mawazo ya kujiua, na 2022 CDC wakauandika mwongozo upya. Hofu ya daktari kwa dawa iligeuka mateso ya mgonjwa aliyeandikiwa na daktari huyohuyo.

Haya si ya Marekani tu. Kliniki kwangu yupo mwalimu mstaafu mwenye mgongo mbaya, aliyefika akiwa anameza tramadoli, nayo ni ya jamii ya afyuni, kupita miligramu 400 kwa siku, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, pamoja na diazepamu ya usingizi. Walioziandika ni madaktari tofauti, kila mmoja akirudia cheti cha mwenzake. Tramadoli kwa dozi hizo inaweza kuleta degedege, na ikichanganywa na diazepamu inaweza kukata pumzi usingizini. Alikuja na kifungu kimoja tu cha maneno: "Bwana daktari, wewe andika kama wenzako walivyoandika."

Nilimwambia sitaandika hivyo, na pia sitamkatia. La kwanza lilimkasirisha, la pili hakuliamini. Nikamweleza kwamba dawa za jamii hii kwa mgongo wa muda mrefu zimepimwa: utafiti uliotoka 2018, wa watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, haukuona zikifanya kazi vizuri kuliko dawa za kawaida katika mwaka mzima, na madhara yalikuwa mengi zaidi. Akanisikiliza kwa subira ya mtu aliyefundisha watoto wakaidi, kisha akaniuliza, "Na hao 240, ulinikuta miongoni mwao?"

Ni hoja nzuri kuliko nyingi nilizozisikia vikaoni. Nilikiri kwamba wastani wa watu haumsemei yeye. Lakini nikamwomba anieleze asichoweza kufanya leo ambacho alikifanya kabla ya vidonge, na jibu likaja refu: kutembea hadi kwa dadake, kukaa ibadani mpaka mwisho, kusoma bila kusinzia. Vidonge vilikuwa vimempunguzia maumivu kidogo na maisha mengi. Hapo ndipo tulipopata pa kuanzia.

Tunashuka taratibu. Kwa mtu aliyetumia zaidi ya mwaka, asilimia 10 kwa mwezi ni mwendo wa kawaida, na ukilazimika unakwenda polepole zaidi. Diazepamu nayo ina ngazi yake, na hatuvuti kamba zote mbili kwa pamoja. Amitriptilini kidogo usiku kwa ajili ya moto unaoshuka mguuni, mazoezi na mtaalamu wa viungo, daktari mmoja wa kuandika na famasia moja ya kutoa. Kuna kliniki zinazomsainisha mgonjwa mkataba wenye vitisho. Mimi nimeandika karatasi yenye ahadi za pande mbili, na ya kwangu ya kwanza inasema sitamkatia dawa kwa hasira. Mwezi mmoja alishuka haraka kuliko tulivyokubaliana kwa sababu alitaka kunionyesha anaweza, akapata arosto, jasho, kuhara, usiku mzima hajalala. Alinipigia simu badala ya kwenda kununua kwingine. Tukarudi hatua moja.

Sasa amefika karibu nusu ya alipoanzia na amegoma. Anasema hapa anaweza kutembea na anaweza kulala, niache kumsumbua. Mimi naona bado kuna nafasi ya kushuka, na sijui kwa yakini kama ninachokitetea ni figo na pumzi zake au takwimu za kliniki yangu. Kwenye faili nimeziandika hoja zote mbili, yake ikitangulia, pamoja na tarehe ya kuijadili tena. Daktari atakayeshika nafasi yangu nikiwa likizo nimemwomba asimpandishie wala asimshushie kabla hajaisoma.